Mji Mkongwe na Ng'ambo Yake: Tuhifadhi Nini, Tubomoe Nini?

Waswahili wana methali mbili zinazotazamana kama mahasimu. Moja yasema ya kale ni dhahabu. Ya pili yajibu: kipya kinyemi, kingawa kidonda. Wazee waliotuachia methali hizi hawakuona haja ya kuchagua moja na kuitupa nyingine, kwa kuwa walijua kila moja ina siku yake. Katika makala haya nataka kuzipeleka zote mbili Unguja mjini zikapimwe juu ya mawe, udongo na saruji.

Swali lenyewe ni hili: mji unapokua na ardhi yake ni ileile, je, nyumba ya kale ibaki kwa sababu ni ya kale, au ipishe makazi ya watu walio hai? Wengi hulijibu kwa moyo kabla ya akili. Mpenda historia husema ibaki. Mwenye watoto saba katika vyumba viwili husema ivunjwe. Mimi niliyesomesha Kiswahili na Historia katika shule za sekondari hadi kustaafu naona kuwa wote wawili wana haki ya kusikilizwa, na kwamba hatuwezi kuwaamua mpaka tujue nyumba hizo zilijengwaje, zikatumikaje na zimeharibikaje.

Mawe, chokaa na boriti

Jengo kongwe miongoni mwa yale makubwa ya Mji Mkongwe ni Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya Wareno kufukuzwa mwaka 1698. Lakini mji wa mawe tuujuao leo ni mtoto wa karne ya 19. Sayyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake kutoka Muscat, biashara ya karafuu, pembe za ndovu na watumwa ilivuta watu na fedha. Wakaja wafanyabiashara wa Kihindi, wakaja Washihiri na Wangazija, na kila kundi likajenga kwa mkono wa mafundi walewale wa pwani.

Kuta za nyumba hizo ni za mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa chokaa na udongo, nene kiasi cha nusu mita au zaidi. Dari huchukuliwa na boriti za mikoko. Mkoko haurefuki utakavyo, na boriti hubeba upana wa mita tatu hivi. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za pwani ni vyembamba na virefu, iwe Unguja, Mombasa au Lamu. Urefu wa mti ndio ulioamua umbo la chumba.

Hapa mpenda lugha asimame kidogo. Neno “sakafu” tumelipata kwa Waarabu, na kwao saqf ni paa au dari, kitu kilicho juu ya kichwa. Kwetu limekuwa kitu kilicho chini ya nyayo. Asiyewahi kuingia nyumba ya ghorofa ya chokaa atadhani tumekosea kusikia. Aliyeingia ataelewa, kwa kuwa chokaa ileile iliyopigwa juu ya boriti ni paa la aliye chini na ni mahali pa kutandika mkeka kwa aliye juu. Neno limebeba ramani ya nyumba. Kadhalika “baraza”, kile kiti cha mawe kilichoshikana na ukuta wa nje, lilianza kuwa mahali pa kukaa, likawa watu waliokaa, kisha likawa chombo cha kuamua. Leo tuna Baraza la Mawaziri, Baraza la Wawakilishi na mabaraza ya Kiswahili, na yote yamepata jina kutoka kwenye kiti cha chokaa kando ya mlango.

Ujenzi huu una siri yake. Chokaa hupumua. Mvua ikinyesha ukuta hunywa maji, jua likiwaka huyatoa. Anayeziba ufa kwa saruji huufungia unyevu na chumvi ndani ya ukuta, na lipu ngumu hutengana na jiwe laini mpaka vyote viwili vibanduke. Nyumba nyingi zimeharibiwa na aliyedhani anazitengeneza. Tena nyumba ya chokaa haitaki kuachwa. Paa likivuja msimu mmoja, maji hufika kwenye vichwa vya boriti vilivyozama ukutani. Vikioza, dari huanguka, na dari ndiyo iliyokuwa ikizishika kuta zisiachane. Usipoziba ufa utajenga ukuta: wenzetu wa bara huisoma methali hii kama fumbo la tabia, nasi wa pwani twaweza kuisoma neno kwa neno.

Si kila kilichobomolewa ni hasara

Wanaopenda majengo ya kale husahau jambo moja, nami nalitaja mapema ili mizani isilale upande. Kuna vilivyobomolewa ambavyo hapana anayevililia. Mwaka 1873, kwa shinikizo la Waingereza, Sayyid Barghash bin Said alilifunga soko la watumwa la Mkunazini. Mwishoni mwa mwaka huohuo msingi wa kanisa la Kianglikana ukawekwa papo hapo, na kanisa hilo leo lenyewe ni urithi unaotembelewa na walimwengu. Mji ulijenga kipya juu ya kidonda. Hakuna aliyesema soko lile lingebakishwa kwa heshima ya ukale wake. Kilichotakiwa kubakishwa ni kumbukumbu, na kumbukumbu imebaki.

Miaka 10 baadaye, mwaka 1883, Barghash yuleyule alijenga Beit al-Ajaib, Nyumba ya Maajabu. Nguzo zake zilikuwa za chuma, roshani zake zikauzunguka pande zote, na ndiyo iliyokuwa nyumba ya kwanza Unguja kuwashwa taa za umeme. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliupiga mzinga ua wa kasri katika vita vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia. Beit al-Hukm iliyokuwa jirani iliharibika kabisa. Beit al-Ajaib ikasimama, na baadaye ikapewa mnara wa saa kwa mbele. Ikawa ofisi ya serikali ya kikoloni, baada ya Mapinduzi ikawa na kazi nyingine, na mwishowe ikawa makumbusho ya historia na utamaduni wa Zanzibar na pwani ya Waswahili. Ndani yake palikuwa na mtepe, jahazi la kushonwa kwa kamba bila msumari, lililoundwa upya ili vijana walione.

Jengo lililoishinda mizinga halikuushinda unyevu. Roshani na paa vilianza kuanguka kidogo kidogo, makumbusho yakafungwa, na tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati uliogharimiwa na Oman ukiwa unaendelea, sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara wa saa iliporomoka. Wafanyakazi wawili walipoteza maisha.

Nalitaja tukio hilo kwa sababu linavunja hoja nyepesi za pande zote. Wapenda hifadhi husema sheria ikiwepo jengo litapona. Beit al-Ajaib lilikuwa na sheria, lilikuwa na cheo cha dunia, na hata picha yake ilijulikana kuliko jengo lolote la nchi ile; likaanguka. Wapenda ujenzi mpya husema jengo la kale ni hatari, livunjwe. Nawajibu kwa Dar es Salaam. Tarehe 29 Machi 2013 jengo jipya la ghorofa 16, lililokuwa bado linajengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, liliporomoka na kuua watu 36. Halikuwa na boriti za mikoko wala chokaa ya karne ya 19. Saruji mpya nayo huua ikikosa anayeisimamia.

Ng'ambo ya ghuba

Mji Mkongwe ulikuwa karibu kisiwa. Upande wa mashariki palikuwa na mkono wa bahari ulioingia kati, na penye daraja la kuvukia ndipo leo tunapopaita Darajani. Waliokaa upande wa pili waliitwa watu wa Ng'ambo. Jina hilo halisemi mahali. Lasema mahali alipo msemaji. Aliyelitoa alikuwa amesimama upande wa mawe, akinyoosha mkono kuonyesha upande wa makuti. Katika karne ya 20 ghuba lilifukiwa, daraja likaondoka, lakini jina limebaki likitukumbusha nani aliyekuwa akitazama na nani aliyekuwa akitazamwa.

Ng'ambo ilijengwa kwa fito, udongo na makuti. Walikaa humo watumwa waliopata uhuru na vizazi vyao, wachukuzi, mafundi, wavuvi, wapishi wa nyumba za mawe na waliotoka mashamba na bara. Wengi walimiliki nyumba lakini hawakumiliki ardhi iliyokuwa chini yake, wakatozwa kodi ya kiwanja. Mwaka 1928 waligoma kuilipa, na mgomo huo ni ukurasa mkubwa wa historia ya mji, ingawa hauna mnara.

Na hapa naomba washairi wanisikilize kwa makini. Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyehamia mjini kuuza vyungu na akaja kuwa sauti ya kwanza ya taarabu ya Kiswahili kwenye santuri mwaka 1928, aliyeandikiwa wasifu na Shaaban Robert, aliimba Ng'ambo. Nyimbo zake zilitungwa na kuzungumzwa katika vyumba vya udongo, kisha zikapanda kwenye kumbi za mawe. Tukiulizwa urithi wa lugha yetu katika Unguja ya karne ya 20 uko wapi, nusu yake ilikuwa nje ya mstari ambao baadaye ulichorwa kuzunguka urithi wa dunia.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 Serikali ya Mzee Abeid Amani Karume iliamua kwamba mtu wa Ng'ambo naye akae kwenye ghorofa. Kwa msaada wa Ujerumani Mashariki yalijengwa majumba ya Kikwajuni na Kilimani, kisha yakaja yale marefu ya Michenzani, yaliyoendelea kujengwa hadi miaka ya 1970. Nyumba nyingi za udongo zilivunjwa na barabara pana zikanyooshwa katikati ya mitaa. Leo wako wanaoyacheka majumba yale kwa urefu na usawa wake. Sicheki nao. Kwa familia iliyokuwa ikichota maji mbali na kukandika upya kiambaza kila baada ya masika, bomba ndani ya nyumba na swichi ya umeme vilikuwa heshima. Kipya kilikuwa kinyemi kwelikweli.

Hata hivyo bei ililipwa. Uani, ambako wanawake walipika, walisukana na kutongoleana mashairi, haukupata nafasi ghorofa ya tano. Upenu haukuwepo. Jirani wa ubavuni akawa jirani wa juu. Niliwahi kuwapa wanafunzi zoezi la kuandika majina ya sehemu za nyumba ya bibi au babu. Waliotoka nyumba za ua walijaza ukurasa, waliokulia kwenye majumba ya ghorofa waliishia kwenye chumba, sebule, jiko na choo. Hawakuwa wajinga. Hawakuwa na kitu cha kukiita kwa jina.

Hifadhi na uendelezaji

Wakati Ng'ambo ikijengwa upya, Mji Mkongwe ulikuwa ukioza. Wenye nyumba wengi walikimbia au kunyang'anywa, na nyumba zikagawiwa familia nyingi kwa kodi ndogo isiyotosha hata kununua chokaa. Nyingine zilikuwa wakfu, mali ambayo haiuzwi na ambayo pato lake ni la warithi au la msikiti, na pato hilo lilipokuwa dogo paa halikutengenezwa. Nyingine zilikuwa na warithi wengi kiasi kwamba kila mmoja alimngoja mwenzake atoe fedha. Nyumba haikuanguka kwa kuwa ilichukiwa. Ilianguka kwa kukosa mwenyewe.

Mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Msomaji alipime jina hilo kama anavyopima mizani ya mshororo. Hifadhi ni kuzuia kitu kisipotee, uendelezaji ni kukisogeza mbele, na aliyeyaweka maneno hayo mawili katika jina moja aliiandikia taasisi kazi yake na ugomvi wake kwa pamoja. Mwaka 2000 UNESCO ikauingiza Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia.

Watalii walikuja, na fedha zao ziliokoa majengo mengi yaliyokuwa yakielekea kuwa vifusi. Hilo ni kweli na lisifiche mtu. Lakini nyumba iliyookolewa kwa kufanywa hoteli mara nyingi humpoteza mkaaji wake. Kodi hupanda, familia huhamia Ng'ambo na zaidi ya Ng'ambo, na baraza lililokuwa la wazee wa mtaa huwekwa viti vya wageni. Pale Shangani, jengo la kale la Mambo Msiige lilipofanywa hoteli na kuongezewa jengo jipya pembeni, UNESCO yenyewe ilieleza wasiwasi wake. Nyumba njema si mlango, walisema wazee. Tunaweza kuuhifadhi mlango wenye nakshi, tukaupaka mafuta na kuupiga picha, huku ndani hapana anayeitwa kwa jina la mtaa ule.

Mwaka ulioisahau Dar es Salaam

Upande wa Bara kasoro ni ya namna nyingine. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ililinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyofuata yalihitaji kutangazwa. Sasa tazama: Sultan Majid bin Said alianza kujenga Dar es Salaam katika miaka hiyohiyo ya 1860, penye kijiji cha Mzizima, na Wajerumani wakaifanya makao makuu mwaka 1891. Mji mkubwa kuliko yote nchini ulizaliwa karibu mlangoni mwa mstari huo, ukabaki nje. Boma la Kale na Nyumba ya Atiman bado zimesimama, lakini nyingi za Kijerumani na za wafanyabiashara wa Kihindi zimepisha minara ya vioo, kila moja ikitetewa au kuachwa kwa bahati yake. Tarehe iliyoandikwa sheriani haisogei, ilhali ukale husogea kila mwaka. Busara ni kuhesabu umri badala ya mwaka: jengo likifikisha miaka 100, lisivunjwe kabla halijachunguzwa.

Mizani yangu

Baada ya kuyaeleza hayo nina wajibu wa kusema nimesimama wapi.

Kwanza, naona Mji Mkongwe uhifadhiwe kama makazi. Sehemu ya pato linalotokana na watalii irudi kwenye paa za nyumba za wakfu na za warithi maskini, kwa mkopo nafuu au ruzuku, kwa sharti kwamba wakaaji hawatahamishwa. Mji uliobaki na wageni tu umehifadhiwa kama samaki alivyohifadhiwa kwa chumvi.

Pili, Ng'ambo iendelee kujengwa. Mtu hawezi kuamriwa akae kwenye udongo ili sisi tufurahie kumbukumbu. Lakini kuna njia ya kujenga kwa kwenda juu kiasi, kwa kufuata vichochoro vilivyopo, kwa kuacha uani na mabaraza, na kwa kuwarejesha wenyeji walewale kwenye viwanja vyao. Wapangaji miji wa Zanzibar walikwisha kuichora na kuiandika Ng'ambo kama urithi kwa haki yake, na kazi hiyo isibaki kabatini.

Tatu, Beit al-Ajaib lisimamishwe tena. Najua hoja ya kupinga: fedha zile zingejenga zahanati, na utajiri uliolijenga mara ya kwanza ulitoka kwenye jasho la watumwa wa mashamba ya karafuu. Hoja ya pili ndiyo inayonifanya nitake lisimame. Palikuwa mahali pa kuisimulia pwani yote, na simulizi hiyo ikirudi lazima imtaje mchuma karafuu na fundi chokaa karibu na Sultani. Lakini lisijengwe kwa haraka ya picha. Lijengwe kwa mafundi wa hapa wanaojifunza kuchoma na kulowesha chokaa, ili ukuta wa jirani ukipasuka pawepo wa kuuziba.

Nne, kila nyumba itakayovunjwa, ya mawe au ya udongo, ipimwe, ichorwe na kuandikwa majina ya sehemu zake kabla nyundo haijashuka. Kazi hii haihitaji fedha nyingi, nayo yatuhusu sisi wa lugha kuliko wahandisi.

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipotunga Al-Inkishafi, Pate ilikuwa imekwisha kuporomoka. Nyumba hazikurudi, lakini kwa sababu ya utenzi ule twajua zilikuwa na nini ndani, na maneno ya nyumba zile, zidaka zikiwamo, yangali yanasomwa na watu wasiowahi kuikanyaga Pate. Mshairi yule aliyaandika akiwa mbele ya magofu. Sisi tuna nafuu asiyokuwa nayo: nyumba nyingi za Unguja, Lamu na Mombasa bado zina watu, na bibi wa kuulizwa wangaliko. Nawaomba wasomaji wa ukurasa huu, kila mmoja kwa mtaa wake, aingie nyumba moja ya kale aliyoruhusiwa kuingia, aulize kila sehemu yaitwaje, kisha atuletee orodha yake hapa. Nitaanza na yangu ya mtaa wa Malindi juma lijalo.